Medali Mbili za Kimia, na Siku Aliyotoka Mikono Mitupu

Tarehe 25 Julai 2021, katika ukumbi wa Makuhari Messe huko Chiba, karibu na Tokyo, wanawake wawili waliozaliwa Iran mwaka mmoja, 1998, waliinamiana kwa heshima kama desturi ya taekwondo inavyotaka, kisha wakaanza kurushiana mateke. Viti vya watazamaji vilikuwa vitupu kwa sababu ya korona, na kwa hiyo kila kelele ya kocha na kila kishindo cha mguu juu ya kizibao cha kinga kilisikika hadi kwetu tuliokuwa tukitazama kwenye simu. Nahid Kiani alivaa ushungi chini ya kofia ya kinga na aliiwakilisha Iran. Kimia Alizadeh hakuvaa ushungi, na aliiwakilisha Timu ya Olimpiki ya Wakimbizi.

Kimia alishinda kwa pointi 18 kwa 9.

Nililitazama pambano hilo likiendelea, na wiki kadhaa zilizopita nikalitazama tena, baada ya rafiki yangu mmoja kuniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo: tukimtaja Kimia kuwa bingwa, ni bingwa wa nani? Nilidhani jibu lingekuja lenyewe nikishalala. Halikuja, na kila nilipojaribu kuliandika nilijikuta nimeshika upande ambao sikukusudia kuushika.

Kila mtu na Kimia wake

Maisha ya michezo ya Kimia Alizadeh huelezwa kwa namna mbili zilizo tayari. Ya kwanza ni ya msichana wa Karaj, mji ulio magharibi ya Tehran, aliyepewa kila kitu na taifa lake kisha akaligeuzia kisogo. Ya pili ni ya shujaa aliyeukimbia utawala unaowabana wanawake na kupata uhuru Ulaya. Wanaoieleza ya kwanza hupunguza sauti wakifika kwenye andiko lake la mwaka 2020 la kueleza kwa nini aliondoka Iran, na wanaoieleza ya pili hawasemi lolote kuhusu Nahid, kana kwamba mpinzani wake siku ile alikuwa mfuko wa mazoezi uliovikwa bendera.

Mwamba ngozi huvutia kwake, na ngozi hii imevutwa na wengi.

Kinachonisumbua ni kwamba hakuna kati ya simulizi hizo mbili inayohitaji kujua taekwondo. Unaweza kuzieleza zote bila kumtaja hata mpinzani mmoja na bila kusema jinsi medali zenyewe zilivyopatikana. Nilipoacha kusoma maoni ya watu nikaanza kufuatilia michuano yake, nani alimpiga nani na katika hatua gani, niliona mambo ambayo hayakai vizuri upande wowote.

Rio

Tarehe 18 Agosti 2016, akiwa na umri wa miaka 18, Kimia alimshinda Nikita Glasnović wa Sweden kwa pointi 5 kwa 1 na kupata shaba ya uzito wa chini ya kilo 57. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Iran kupata medali ya Olimpiki. Rais wa wakati huo, Hassan Rouhani, alimwita binti yake na kusema kwamba amewafurahisha Wairani wote, wanawake hasa. Kimia mwenyewe aliwaambia waandishi wa habari kwamba amefurahi kwa ajili ya wasichana wa Iran, na kwamba anatumaini Olimpiki inayofuata italeta dhahabu.

Hayo yanajulikana. Lisilosemwa mara kwa mara ni kwamba siku hiyo Kimia alikuwa ameshapigwa, na Eva Calvo wa Hispania. Katika taekwondo ya Olimpiki anayeshindwa hapotei moja kwa moja: aliyekushinda akifika fainali, nawe unarudishwa ulingoni kuwania shaba. Kwa hiyo bingwa aliyeshindwa hukaa akisubiri, kifaa cha mdomoni mkononi, na hatima yake iko kwenye miguu ya mtu aliyemwangusha. Calvo alifika fainali, na Kimia akarudishwa.

Lipo na lingine. Katika uzito uleule, siku ileile, alikuwepo mwanamke mwingine wa Kiirani. Raheleh Asemani alikuwa ameipatia Iran fedha katika Michezo ya Asia ya Guangzhou mwaka 2010, kisha akahamia Ubelgiji, akaomba hifadhi, akafanya kazi ya kupeleka barua za posta huku akiendelea na mazoezi. Miezi michache kabla ya Rio alitazamiwa kuwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi, ile iliyoongozwa na Tegla Loroupe wetu, yenye wanariadha wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma na wanajudo wawili kutoka Kongo. Uraia wa Ubelgiji ukatoka kabla ya michezo kuanza, naye akapigana chini ya bendera hiyo. Naye pia alirudishwa kuwania shaba, lakini alishindwa na Hedaya Malak wa Misri.

Sijui ni mara ngapi Kimia na Raheleh walipishana siku ile katika ukumbi wa kupashia misuli moto. Ila njia ambayo Kimia angeishika miaka minne baadaye ilikuwa imeshatembewa na mtu aliyekuwa akijinyoosha hatua chache kutoka kwake.

Kwa nini taekwondo

Mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Iran katika Olimpiki baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 alikuwa Lida Fariman, mlenga shabaha, huko Atlanta mwaka 1996. Si ajabu kwamba ilikuwa shabaha. Sheria ya mavazi iliwafungia wanawake michezo mingi ya kimataifa, na iliyobaki wazi ni ile ambayo mwili uliofunikwa haukugongana na kanuni za shirikisho la dunia. Taekwondo ilifaa mno: suruali ndefu, koti la mikono mirefu, kizibao juu yake, na kofia ya kinga ambayo ushungi unakaa chini yake bila kumsumbua mwamuzi. Iran tayari ilikuwa na wanaume wakali katika mchezo huo, Hadi Saei akiwa amechukua dhahabu mbili, Athens na Beijing, kwa hiyo makocha na kumbi zilikuwepo. Sara Khoshjamal Fekri alifuzu kwa Beijing 2008, na mlango ukazidi kupanuka.

Hapa ndipo nilipopata shaka yangu ya kwanza, na naiandika nikijua kwamba wasomaji wangu wengi wa pwani ni watu wa ushungi, mama na dada zangu wakiwa miongoni mwao. Hedaya Malak alisimama kwenye jukwaa moja na Kimia mjini Rio, wote wawili wamefunika nywele, na mwaka 2021 Hedaya akachukua shaba nyingine huko Tokyo akiwa amevaa vilevile. Kwake ushungi ulikuwa wake. Kwa Kimia, kama alivyokuja kueleza, haukuwa wake. Kwenye picha ya Rio huwezi kuona tofauti hiyo, na ndiyo maana mtu akinionesha picha ya mwanamke aliyefunikwa, au asiyefunikwa, kama ushahidi wa jambo lolote, siku hizi nanyamaza kwanza.

Andiko la Januari

Baada ya Rio alipata fedha ya ubingwa wa dunia mjini Muju, Korea Kusini, mwaka 2017, akishindwa katika fainali ya uzito wa chini ya kilo 62 na Ruth Gbagbi wa Côte d'Ivoire. Yakafuata majeraha, na habari zake zikapungua.

Kisha ikaja Januari 2020. Wiki ile Iran ilikuwa imetoka kumzika Qassem Soleimani, jenerali wake aliyeuawa na Marekani, na tarehe 11 serikali ilikiri kwamba ndege ya abiria ya Ukraine iliyoanguka karibu na Tehran ilidunguliwa na majeshi yake yenyewe. Siku hiyohiyo Kimia aliandika Instagram kwamba ameondoka. Alijitaja kuwa mmoja wa mamilioni ya wanawake wanaokandamizwa nchini mwake. Alisema alivaa alichoambiwa avae, akarudia kila sentensi aliyoamriwa kuisema, na medali zake zikahesabiwa kuwa matunda ya ushungi wa lazima na ya usimamizi mzuri wa wakubwa. Kwao, aliandika, wanariadha ni vyombo vya kutumia.

Iran ilishtuka. Mbunge mmoja aliwalaumu maofisa kwa kuacha rasilimali za nchi zikimbie, na lawama hiyo, ukiipima vizuri, inathibitisha maneno ya Kimia: hata aliyemtetea alimwita rasilimali.

Nililisoma andiko lile wakati ule nikaafiki kila neno. Nililochelewa ni kulisoma kama linanihusu na mimi. Kwa sababu mwaka na nusu baadaye, alipokutana na Nahid, nilikuwa nikimshangilia kwa sauti, na nikijiuliza leo nilikuwa nashangilia nini, siwezi kusema kwa moyo mweupe kwamba nilikuwa nashangilia teke lake la kulia. Nilitaka aishinde serikali. Nilitaka mguu wake useme maneno niliyokuwa nimeshayaandaa kichwani. Je, hicho nacho si kumfanya chombo?

Rafiki yangu anasema hapana, kwa kuwa mtazamaji hana uwezo wa kumlazimisha mtu avae nini. Ni kweli, na tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo naona kwamba furaha yangu ilihitaji Nahid asiwe mtu.

Siku ndefu ya Chiba

Tuiangalie siku yenyewe basi, kwa sababu inastahili.

Kimia ni mrefu kuliko wengi wa uzito wake, na anaupenda mguu wa mbele: huuinua goti likiwa limekunjwa, huushikilia hewani kama anayebisha hodi, kisha huushusha tumboni au kuupandisha kichwani bila kuugusisha chini. Teke la mwili lina pointi 2, la kichwani 3, na ukizunguka kabla ya kupiga unaongezewa 2. Ngumi ni pointi 1 tu. (Mjini Rio teke la mwili lilikuwa na pointi 1, jambo ambalo kwa sehemu linaeleza kwa nini 5 kwa 1 ya Rio inaonekana ndogo kando ya 18 kwa 9 ya Chiba.) Kizibao na kofia vina vihisio, soksi pia, na pointi hizo huhesabiwa na mashine, isipokuwa ngumi na mzunguko ambavyo waamuzi huviona kwa macho. Mashine haijui bendera, jambo ambalo mara nyingine nalionea wivu.

Baada ya Nahid alimpata Jade Jones wa Uingereza, bingwa wa London na wa Rio, aliyekuja kutafuta dhahabu ya tatu mfululizo. Watu wengi walishangaa Kimia aliposhinda kwa 16 kwa 12. Waliokumbuka Chelyabinsk mwaka 2015 hawakushangaa sana, kwa kuwa katika ubingwa wa dunia wa mwaka ule Kimia, akiwa bado kijana wa miaka 16, alikuwa ameshamtoa Jones na kupata shaba. Robo fainali alimshinda Zhou Lijun wa China kwa tofauti ya pointi moja, 9 kwa 8.

Hapo alikuwa amebakiza ushindi mmoja kupata medali ya kwanza katika historia ya timu ya wakimbizi.

Nusu fainali alipigwa 10 kwa 3 na Tatiana Minina wa Urusi. Katika pambano la shaba alipigwa 8 kwa 6 na Hatice Kübra İlgün wa Uturuki, aliyekuja kwa njia ileile ya kurudishwa ambayo ilikuwa imembeba Kimia mjini Rio. Akamaliza mikono mitupu. Medali ya kwanza ya timu ya wakimbizi ilisubiri hadi Paris 2024, ikachukuliwa na Cindy Ngamba katika ndondi.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siku kubwa kuliko zote katika kazi yake. Mapambano matano kwa siku moja, bila nchi nyuma yake, bingwa mara mbili wa Olimpiki akiwa njiani. Lakini jedwali la medali haliijui siku hiyo, na nadhani ndiyo sababu mabishano kuhusu Kimia hugeuka haraka kuwa mabishano ya bendera, kwa kuwa bendera ndiyo safu ya kwanza ya jedwali.

Sisi na bendera

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kujifanya wageni wa jambo hili. Mwaka 2003 mjini Paris, katika ubingwa wa dunia wa riadha, Kenya ilipoteza dhahabu ya mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar, ambaye wiki chache tu kabla alikuwa akiitwa Stephen Cherono na alikuwa Mkenya. Mjini Rio, Ruth Jebet, mzaliwa wa Kenya, aliipatia Bahrain dhahabu ya mbio hizohizo kwa wanawake. Tuliwaita wasaliti, wengine tukawaita wajanja, kisha tukawasahau.

Simlinganishi Kimia na hao kwa sababu za kuondoka. Hao walifuata riziki, ambayo si dhambi, naye alikimbia kitu. Nawataja kwa sababu ya hasira yetu. Niliikumbuka nilipoona jinsi baadhi ya Wairani walivyomsema Kimia, na nikaona kwamba hasira ya aina hiyo humlenga anayeondoka na mara chache humlenga aliyefanya kuondoka kuwe na maana.

Mlango aliofungua Nahid

Kimia aliishi Ujerumani, na kabla ya Michezo ya Paris akapata uraia wa Bulgaria. Nahid alibaki. Mwaka 2023, mjini Baku, Nahid alichukua dhahabu ya ubingwa wa dunia katika uzito wa chini ya kilo 53, jambo ambalo hakuna mwanamke wa Iran aliyewahi kulifanya kabla yake. Nakiri kwamba habari hiyo ilinipita wakati ilipotokea, na sidhani ingenipita kama Kimia ndiye angeshinda.

Tarehe 8 Agosti 2024, chini ya paa la kioo la Grand Palais, walikutana tena katika hatua za mwanzo. Safari hii kanuni zilikuwa zimebadilika: pointi hazijumlishwi tena, anayeshinda raundi mbili kati ya tatu ndiye mshindi. Nahid alishinda.

Kisha Kimia akasubiri.

Fikiria kusubiri kwenyewe. Ili arudishwe ulingoni, Nahid alipaswa kushinda robo fainali na nusu fainali. Mtu aliyebaki katika timu ambayo Kimia aliikimbia, aliyevaa vazi ambalo Kimia alilivua, ndiye aliyekuwa ameshika nafasi yake ya mwisho, na kila teke la Nahid lililoingia lilimsogeza Kimia karibu na medali. Hakuna mwanasiasa wala mshangiliaji, mimi nikiwemo, ambaye angeandika jambo hilo kwa hiari yake. Limeandikwa na kanuni ya mashindano, ambayo haikumkusudia yeyote.

Nahid alifika fainali. Kimia akaitwa, akapita, na katika pambano la shaba akamshinda Luo Zongshi wa China. Bulgaria ikapata medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika taekwondo. Nahid alishindwa na Kim Yu-jin wa Korea Kusini, na fedha yake ikawa medali kubwa kuliko zote ambazo mwanamke wa Iran amewahi kupata katika Olimpiki. Siku moja kabla, Mobina Nematzadeh alikuwa ameongeza shaba ya uzito wa chini ya kilo 49. Wakati wa kutoa medali, wa Iran na wa Bulgaria walipanda jukwaa moja.

Rafiki yangu nilimjibu hatimaye, ingawa jibu lenyewe halikumridhisha. Nilimwambia kwamba shaba ya Rio ni ya Iran na ya Paris ni ya Bulgaria, na hilo halina ubishi kwa kuwa ndivyo zilivyoandikwa. Siku ya Chiba ni ya Kimia peke yake. Akaniuliza: na Nahid? Nikamwambia Nahid ana siku zake, na kwamba tungeanza kwa kuzijua.

Dhahabu ambayo Kimia aliwatakia wasichana wa Iran mjini Rio bado haijapatikana. Nahid alikuwa pambano moja tu mbali nayo. Michezo ya Los Angeles itakapofika mwaka 2028, wote wawili watakuwa wanakaribia au wametimiza miaka 30, umri ambao katika mchezo huu si mdogo, na droo haijali nani alimtoa nani mara ya mwisho.